Nyumba ya Udongo Yavishwa Saruji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua. Nyumba hii itabadilika kabla ya Jumapili, au mimi si mtoto wa baba yangu.

Niandike mambo yalivyo, ili baadaye watu wasije wakasema nilikurupuka. Mama mkwe amezeeka. Kule shambani alikokuwa akiishi peke yake hawezi tena kuteka maji wala kupasua kuni. Amekuja akae na mmoja wa watoto wake, na watoto wenyewe ni wawili tu: mke wangu, na kaka yake, ambaye sisi nyumbani tunamwita Bwana Vigae. Kwa sasa amefikia kwa Bwana Vigae. Jumapili watakuja kula kwetu mchana, na baada ya chakula mama mkwe atatamka atakaa kwa nani moja kwa moja.

Mke wangu anamtaka mama yake. Tangu nimwoe amekuwa akimwona kwa kudokoa tu, mara msiba, mara harusi, kisha kwaheri. Chumba cha uani amekifagia asubuhi, akakifagia tena jioni, na hakuna mtu aliyeingia katikati. Jana usiku nilimkuta amekaa kwenye kitanda kitupu na shuka mapajani, analia pole pole. Nikajifanya natafuta miwani.

Sasa tuseme ukweli. Nyumba ya Bwana Vigae ni ya matofali ya saruji, bati la rangi, madirisha ya vioo, na sakafu ya vigae inayong'aa mpaka unayaona matundu ya pua yako. Yangu ni ya miti, fito na udongo, paa la nyasi, aliyoijenga marehemu baba. Zamani mtaa mzima ulikuwa hivi. Wakaanza mmoja mmoja, huyu matofali, yule bati, na leo imebaki yangu peke yake. Naipenda. Lakini mama mkwe ana macho.

Ushahidi ninao. Juzi tulikwenda kumsalimia kwa Bwana Vigae. Tulimkuta nje, amejibanza kwenye kivuli cha ukuta, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Nikaelewa mara moja: anaihusudu nyumba ya mwanawe, anaitazama kwa nje haimalizi. Jana akaja kwetu. Akajinyoosha kwenye mkeka wa chumba cha uani na kulala fofofo mpaka jioni, mdomo wazi. Mke wangu alifurahi. Mimi sikufurahi hata kidogo. Mtu halali hivyo ila amekata tamaa. Alifumba macho asizione kuta.

Kwa hiyo nina mpango. Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko pembeni mwa soko. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kwa hiyo muda ninao.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza mke wangu. Kuta za nje zitapakwa lipu ya saruji. Juu ya lipu nitachora mistari ya matofali. Apitaye ataona nyumba ya matofali. Hakuna kubomoa, hakuna kuhama, hakuna kelele.

Alisema mama yake anaipenda nyumba ilivyo. Nikamwambia hayo ni maneno ya adabu. Mgeni hasemi chai haina sukari. Akasema udongo unapumua, na saruji itauziba pua. Nikamwuliza ni lini amewahi kuusikia ukuta ukipiga chafya. Akaondoka kwenda kuchambua mboga, na alizichambua kwa nguvu.

Saruji nimeipata kwa adui mwenyewe! Bwana Vigae alibakiza mifuko nyuma ya nyumba yake alipomaliza kujenga. Nilimwambia nataka kujenga banda la kuku. Sina kuku. Alinipa mifuko, na juu yake akanipa hotuba: kwamba dunia imekwenda mbele, na kwamba mtu mzima hawezi kuishi ndani ya tope kama kambare. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu huku nacheka moyoni. Mifuko ni migumu kidogo. Nadhani iliwahi kunyeshewa.

Nimemwita mwashi wa mtaa. Jina lake analijua mama yake tu. Sisi tunamwita Kesho, kwa sababu ndiyo siku anayofanya kazi. Aliugonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza kama daktari. Alisema hajawahi kupaka lipu juu ya udongo maisha yake yote, lakini hakuna kisichowezekana. Huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi. Tumekubaliana aanze kesho.

Jumatano, 5 Machi

Kesho hakuja.

Nimeanza mwenyewe. Mtu anayerudisha roho ya saa yenye skrubu ndogo kuliko chawa atashindwa na ukuta?

Mifuko kumbe imeganda. Si saruji tena, ni mawe yaliyovaa mifuko. Mwingine angekata tamaa. Mimi nilichukua kinu na mchi, nikaitwanga. Ikatoa vumbi safi la kijivu, laini ajabu! Nikalichekecha kwa chekeche ya unga. Mke wangu alirudi kutoka bombani akanikuta nimekuwa wa kijivu mpaka kope. Alikitaja kinu, akaitaja chekeche, akamtaja na marehemu mama yangu aliyempa kinu hicho siku ya harusi. Nikamwahidi kwamba vyote vitaoshwa. Nimejaribu kuviosha. Chekeche imekuwa sahani.

Lipu ya kwanza ilishika ukutani muda wote nilipokuwa naitazama. Nilipogeuka kuchukua maji ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena, safari hii juu ya mguu. Nikavaa jichoni kilenzi changu cha kukagulia saa, nikaukagua ukuta kwa karibu, nikaiona kasoro. Ukuta una mawimbi. Marehemu mama, kila aliposiliba nyumba kwa udongo, alikuwa akimalizia kwa vidole vyake vinne, akivuta mawimbi kutoka mlangoni hadi kwenye kona. Hata alipokuwa hawezi kuinama vizuri aliketi kigodani akavuta yale ya chini. Nikaona wazi kwamba lipu inataka pahali laini.

Nikachukua panga nikayaparua yote ya upande wa kulia wa mlango. Upande wa kushoto sikuparua. Mkono ulikataa. Sikuulazimisha, nikapaka lipu juu yake hivyo hivyo.

Hadi jua linatua ukuta wote wa mbele ulikuwa umevaa. Nimevimba kichwa, nakiri. Baba angeniona!

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa. Kibanda sikufungua.

Nimechora matofali. Rula ya chuma, msumari mkali, na kilenzi jichoni. Kila tofali sawa na mwenzake. Kila mstari wa kusimama umeanzia chini kabisa na kupanda moja kwa moja mpaka juu, bila kupinda hata unywele. Nilipomaliza nilivuka barabara nikasimama kwenye duka la fundi cherehani, aitazame naye. Aliacha kushona. Alitazama muda mrefu, akaniuliza hiyo nyumba imehamishiwa lini hapo. Nilifurahi nusura nimkumbatie.

Kesho akatokea, mikono mitupu, amekuja kusema ataanza kesho. Alipoona matofali yangu alishika kiuno akaangua kicheko. Eti matofali hupishana: kila tofali hukalia maungio ya mawili ya chini yake. Haya yangu yamepandana vichwa, yamesimama kama askari, na nyumba iliyojengwa hivyo ingelala chini kabla haijaezekwa. Nilimjibu kwamba nyumba yangu haibebwi na matofali, inabebwa na miti, kwa hiyo matofali yangu yana uhuru wa kusimama yatakavyo. Alifikiri, akakubali kuwa hilo ni kweli. Akaomba maji ya kunywa akaenda zake.

Baada ya hapo nikaona upungufu mwingine. Kati ya ukuta na paa pana uwazi, kiasi cha kupitisha kiganja, umezunguka nyumba nzima. Baba aliuacha wakati wa kujenga, sijui alipungukiwa na udongo. Nyumba ya Bwana Vigae haina uwazi wa namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, nami si mtu wa kubishana na wahenga. Nimeziba pande zote kwa magunia na lipu iliyobaki. Sasa hata mjusi hapiti.

Mke wangu aliuliza moshi wa jikoni utatokea wapi. Nikamwambia utazoea.

Ijumaa, 7 Machi

Moshi haujazoea.

Mke wangu amelala barazani, kwenye mkeka, na asubuhi hakunipa chai. Mimi nililala ndani kwa heshima ya kazi yangu. Niliamka nimelowa kama nimetoka kuoga. Lakini nilijiambia: hivi ndivyo walivyo kwa Bwana Vigae. Joto hili ni la matofali. Tumefika.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Vigae amepita. Alisimama mbele ya nyumba, mikono nyuma. Akausogelea ukuta akaugonga kwa kidole. Ukajibu sauti ya debe tupu. Akaniuliza banda la kuku liko wapi. Nilimwambia kuku wanasubiri. Akanitazama, akautazama ukuta, akatikisa kichwa kwa huzuni. Wivu, bila shaka! Mtu aliyekuwa na nyumba ya peke yake katika familia sasa ana mshindani.

Zimetokea nyufa kidogo. Nyembamba, nyingi, zimetambaa kila upande na kuyakatiza matofali yangu bila adabu. Nimezipaka chaki. Kwa mbali hazionekani, ila ukae mbali hasa.

Mke wangu ameniomba kitu leo, kwa upole, na upole wake huwa unanitisha kuliko hasira. Amesema kesho, chochote kitakachotokea, nisimharibie. Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nimemwambia ashushe moyo, mambo yako mikononi mwangu. Alisema ndiyo maana anaomba.

Mawingu yamekusanyika.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Mama mkwe alitangulia kuja, Bwana Vigae akifuata nyuma na simu sikioni. Mke wangu alikuwa uani na masufuria. Mimi nilijisimamisha barazani, shati limepigwa pasi, kifua mbele. Nilimwona mama mkwe anakuja na mkongojo wake, pole pole. Akatufikia. Akapita. Akapita kabisa, mpaka kwa fundi cherehani, akamwuliza nyumba ya binti yake iko wapi, ile ya udongo. Fundi cherehani akamwonyesha kwangu. Mama mkwe akasema hapana, baba, hiyo siyo. Binti yangu ana nyumba nzuri. Niliyasikia maneno hayo nikiwa nimesimama mbele ya kazi yangu. Mke wangu alitoka akaenda kumshika mkono, na aliponipita hakunitazama.

Tulikula. Moshi ulikula nasi. Bwana Vigae alikohoa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha mama mkwe akaomba akajinyooshe kidogo chumba cha uani, kama siku ile. Tukafurahi. Haukupita muda akatoka, anashika ukuta, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Alimwuliza mke wangu nyumba imepatwa na nini, mbona ina homa? Bwana Vigae akadakia kwamba basi mama arudi tu kwake, kule angalau joto lina feni. Mama mkwe akakaa, akapumua, akasema vema, na aseme basi neno lake.

Hapo mvua ikaanza.

Ilikuja na upepo, ikaupiga ukuta wa mbele usoni. Maji yakaingia kwenye zile nyufa za chaki. Tulisikia mkwaruzo, kama mtu anajikuna mgongo. Kisha lipu yote ya mbele, na matofali yangu yote, ikajivua. Puu! Barazani! Upande wa kulia, ule nilioparua, iliondoka na udongo wake, fito zikabaki wazi. Tuliokuwa mezani tukamwona fundi cherehani ng'ambo ya barabara, amesimama mlangoni kwake, anatuona nasi tulivyokaa na sahani.

Kisha Bwana Vigae akauliza kama hilo ndilo banda la kuku. Akaanza kucheka akashindwa kuacha, mpaka mama yake alipomtazama.

Nilitoka nje kwenye mvua. Upande wa kushoto lipu ilianguka kifudifudi, na mgongoni mwake yalikuwa yamechapwa mawimbi ya mama, yote, vidole vinne vinne. Na ukutani yenyewe yalikuwa pale pale, yamelowa, mazima. Niliona aibu. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nilishindwa hata kujitetea, mimi ambaye hujitetea usingizini.

Ndani, mke wangu alikuwa analia kwa sauti. Hakuwa analilia ukuta. Alikuwa anamwambia mama yake kwamba basi, sasa hana hata pa kumweka.

Mama mkwe alimwacha alie kidogo, kisha akasema yake. Kumbe alikuwa ameshachagua tangu alipokuja mara ya kwanza. Alichagua hapa! Kwa mwanawe hapati usingizi: mchana bati linamchoma, na vigae anavitembelea kwa kushika kuta, anaogopa kuteleza avunjike nyonga. Tangu atoke shambani usingizi wa kweli ameupata mara moja tu, kwenye mkeka wetu. Aliingoja Jumapili ili aliseme mbele ya watoto wote wawili, mwanawe asije kulisikia mtaani. Nyumba njema si mlango, alisema, fungua uingie ndani. Lakini yeye ni mzee, hawezi kuhamia kwenye nyumba yenye tumbo wazi. Ukuta ukisimama kabla masika hayajakolea, atakuja. Usiposimama, atabaki kwa mwanawe, na hatakuwa na kinyongo na mtu.

Kisha akaamuru magunia yatolewe juu ya kuta. Niliyatoa mwenyewe, moja moja. Upepo ukaingia, moshi ukatoka, mama mkwe akafumba macho akatabasamu. Mke wangu alifuta uso akasema mimi ndiye mtu wa kwanza duniani aliyeziba ufa na bado akajenga ukuta.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imetupa nafasi jana na leo. Mama mkwe ametwaa uongozi, anatoa amri kutoka kwenye kiti, na mkongojo wake ndio kipaza sauti.

Udongo ulioanguka haukutupwa. Alisema udongo wa zamani unaijua nyumba yake. Tuliuchanganya na mpya uliochimbwa uani, tukatia nyasi zilizokatwakatwa na maji, tukaufunika ulale. Leo tumeukanyaga. Mke wangu alikunja nguo akaingia wa kwanza. Nikafuata. Fundi cherehani akafunga duka akaja. Halafu, jamani, Kesho naye akaja! Leo hii! Alisema kazi ya saruji inaweza kungoja, lakini hii hajawahi kuiona ikifanywa na huenda asiione tena. Alitaka tu kutazama. Mama mkwe alimwonyesha kwa mkongojo pa kuweka viatu.

Bwana Vigae alifika akiwa na viatu vya kazini, akasimama kwenye ukingo wa tope. Alisema amepita tu. Mama yake akasimulia, kwa sauti ya watu wote, kwamba mtoto huyu alizaliwa kwenye nyumba ya udongo, na kila mvua ikinyesha alikuwa akiramba ukuta, ikabidi apakwe pilipili vidoleni. Tulicheka mpaka Kesho akakaa chini topeni. Bwana Vigae naye akacheka. Akavua viatu, akaweka soksi ndani yake vizuri, akakunja suruali, akaingia. Na anajua kukanyaga! Alikuwa anapiga hatua moja na mke wangu, ndugu wawili, bega kwa bega, wananong'ona mambo yao ya utotoni.

Nilikumbuka jinsi nyumba hii ilivyojengwa. Nilikuwa mdogo. Baba alisimamisha miti, na watu wakaja wenyewe: huyu anafunga fito, yule anabeba maji, wengine ndani, wengine nje, wanapigiana madongo kupitia fito na kutukanana kwa mapenzi. Jioni nyumba ikawa na kuta. Siku hizi nyumba inajengwa na mifuko na fundi mmoja, na mwenyewe anapiga simu kuuliza kesho ni lini. Sisemi ni vibaya. Nasema tu hakuna anayecheka.

Tulifunga fito mpya mahali palipooza, tukajaza udongo, tukausawazisha kwa viganja. Mwishoni mama mkwe aliletewa kiti karibu na ukuta. Aliyatazama mawimbi ya marehemu mama upande wa kushoto, akayapapasa. Hawakuwahi kuonana sana, wazee wale wawili. Kisha akaweka vidole vyake vinne kwenye udongo mbichi, akayaunga mawimbi yaliposimama mlangoni, na kuyavuta hadi mkono wake ulipofika. Mke wangu akaendelea. Nami nikaruhusiwa mstari mmoja, chini, karibu na kona. Umepinda. Kwa kweli umepinda sana.

Nilivuka barabara nikaitazama nyumba. Safari hii sikumwita mtu aje kuitazama nami. Nilijivuna kimya kimya, na macho yaliniuma kidogo, sijui ni moshi wa nani.

Jumapili, 16 Machi

Ukuta umekauka vizuri. Mama mkwe amehamia!

Alikuja na sanduku moja na mkeka wake. Mke wangu anaimba tangu alfajiri, nyimbo ambazo sikujua anazijua. Chumba cha uani kina sauti za watu wawili wanaoongea wakati mmoja na kuelewana. Bwana Vigae alibeba sanduku, akalitua, akauliza kama anaweza kupumzika kidogo kabla ya kurudi. Alilala mpaka jioni. Tulilazimika kumruka.

Mama mkwe alinitolea sharti mbele ya wote. Atakaa, ila mimi nisiuguse tena ukuta wowote wa nyumba hii kwa kifaa chochote, mwiko, panga, msumari wala rula. Nilimpa ahadi, mkono kifuani. Naye akanishika mkono akaniita mwanangu.

Watu wa mtaa wanapita kuitazama nyumba. Fundi cherehani anasema atajenga chumba kimoja cha udongo uani kwake. Kesho amesema atamjengea, na mnajua lini. Nimekaa barazani napokea salamu. Na nikikaa nikafikiri kwa haki, bila upendeleo, haya yote chanzo chake ni nani? Nisingepaka lipu, ingeanguka? Isingeanguka, ndugu wawili wale wangekanyaga tope pamoja? Nilimweleza mke wangu jambo hili taratibu, kwa hoja. Alinipa kinu kilichoganda nikakitue uani.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata wazo. Limenijia nikiwa kibandani, na nililipokea kwa heshima.

Mama mkwe anapenda ubaridi. Udongo una ubaridi. Je, udongo mwingi zaidi uko wapi? Chini! Chumba cha chini ya ardhi, chini ya kile cha uani, chenye ngazi na kitanda, mzee apumzike kama malkia. Hakuna mtu aliyewahi kukifikiria katika mtaa huu, pamoja na vioo na vigae vyao.

Sharti nimelipima neno kwa neno. Linataja ukuta. Sakafu halikuitaja.

Leo mama mkwe na mke wangu wameshinda kwa Bwana Vigae. Nimefunga kibanda mapema. Nimesogeza kitanda, nimekunja mkeka, nimechimba. Udongo ni laini, unakuja wenyewe. Nimefika kiunoni na nina furaha isiyo na kifani. Ukuta sijaugusa hata kwa kucha.

Nguzo kubwa ya kati, ile inayobeba paa, iliyo pembeni mwa chumba hiki, sasa imeonekana mpaka mguuni. Ni fupi kuliko nilivyodhani. Kazi inakwenda vizuri sana.